Machela ya Muyinga na Mikono ya Watu

Dezire amenisihi niandike haya kabla sijasahau. Nimemjibu kwamba mimi sisahau, ni nyinyi msiouliza. Lakini sasa nashinda nyumbani Yoba, hapa Gitega, asubuhi sina pa kwenda, na mjukuu wangu amechoka kunisikiliza. Basi nimekaa mezani. Yatakayowafaa kazini myachukue, mengine mniachie mwenyewe.

Mimi ni Mariamu, ingawa pale atelie, karakana yetu, mlizoea kuniita Mama Rehema. Nilizaliwa Muyinga, nikakulia Kigoma ukimbizini, nikarudi Burundi nikiwa msichana mwenye cheti cha kuchora michoro ya ufundi. Ndiyo maana mpaka leo mnanicheka kwamba nasema Kiswahili cha redio. Haya, chekeni. Hiki cha redio ndicho kilichoandika maelezo ya kila mashine mnayoitengeneza.

Siku ya kwanza nilipofika atelie ya Nyamugari nilivaa viatu vyeupe. Sijui nani alinishauri. Kazi ilikuwa ni toroli, mikokoteni, vitanda vya wagonjwa na mashine za kukuna mihogo, na sakafu nzima ilikuwa mafuta na unga wa chuma. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Ramazani, mtu mfupi, maneno machache, kikohozi kingi. Aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akanionyesha ubao wa kuchorea uliokuwa chini ya dirisha. Juu yake palikuwa na karatasi ya kalki inayopenyeza mwanga, kalamu za wino na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwangulia wino pale unapokosea. Kwa hiyo kila kosa langu lilikuwa na sauti, kwaru kwaru, na mafundi wote walilisikia.

Akaniambia nichore toroli. Nikachora vizuri sana, kwa kiburi cha mtu mwenye cheti. Mzee akainama juu ya ubao, akaufuata kila mstari kwa kidole.

“Binti, nani anashika hii?”

“Mfanyakazi, Mzee.”

“Mfanyakazi gani? Iko mrefu? Iko mfupi? Anapanda mlima ama anashuka? Mi sioni mtu hapa.”

Nikamwambia shuleni walitufundisha tusichore watu kwenye michoro ya ufundi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

“Basi hii toroli tutaiuzia hiyo shule yenu,” akasema.

Mzee hakuruhusu chuma kikatwe kabla hajakijaribu kitu kwa njia yake. Alikata matete, akayafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akatengeneza mfano mdogo wa mashine tunayoiwaza. Kisha anautundikia mfuko wa maharage, anautikisa, anauvuta kushoto na kulia. Matete yakivunjika, hakasiriki hata kidogo. Anaita: “Mariamu, kuja uone pahali imelia!” Mimi nakwangua, nachora upya, na yeye anafunga matete mengine. Alisema matete yako bure pale bondeni, lakini chuma kinatoka mbali. Nilidhani ni ushamba wa mzee asiyejua hesabu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndiyo hesabu yenyewe, ila inafanywa kwa vidole.

Wakati wa vita atelie ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Katika miaka hiyo Mzee Ramazani alifariki, kitandani kwake, kwa kile kikohozi. Nililia kama mtu aliyefiwa na baba, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa na baba.

Mambo yalipotulia, Bwana Yusufu akarithi mikoba ya baba yake, mwenye atelie, maana yake akawa patron, bosi wetu. Huyo akaleta vitu viwili kwa gari moja kutoka Bujumbura: kompyuta, na mhandisi kijana aitwaye Dezire. Sikujua kipi kitaharibika kwanza. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, mkono wangu unajulikana mji mzima, halafu naambiwa nikae nyuma ya mtoto aliyezaliwa nikiwa tayari nachora. Siku ile nilipofika nyumbani nilisugua sufuria moja mpaka mume wangu akaja kuniuliza imenikosea nini.

Dezire, namshukuru Mungu, hakuwa na majivuno. Alinivutia kiti, akanionyesha. Unachora umbo la kitu ndani ya kompyuta. Yenyewe inalikatakata vipande vidogo vidogo vya pembetatu, kama wavu. Unaiambia hiki ni chuma cha aina gani, kimeshikiliwa wapi, na mzigo unakaa wapi. Inakokotoa, halafu inakipaka rangi: bluu pale chuma kinapopumua, nyekundu pale kinapoteseka.

“Hii ni matete ya Mzee Ramazani,” nikasema.

“Nani, Mama?”

Nikamwambia Mzee Ramazani alikuwa nani. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Kuanzia siku hiyo tukawa tunafanya kazi pamoja, mimi nachora na kuwaza mizigo, yeye anakokotoa.

Msidhani ilikuwa starehe. Kompyuta ile ilikuwa ya polepole, hesabu moja inakula mchana mzima, na umeme unakatika hesabu ikikaribia kuisha. Dezire anashika kichwa, mimi natoa uzi wangu nafuma. Tulijua umeme umerudi kwa kelele ya friji ya jirani muuza nyama. Naye Patron alizipenda zile rangi kupita kiasi. Kila mgeni lazima aletwe azione. Siku moja alituomba nyekundu tuigeuze iwe kijani, ili wateja wasiogope. Dezire aliniangalia, nikaangalia uzi wangu.

Kitu kimoja tu nitawasisitizia, na mnisikie vizuri. Nawaona siku hizi mnachora kitu mpaka kinaisha, Patron anakipenda, bei imetajwa, ndipo mnaipelekea kompyuta iseme ndiyo. Hapo mnatafuta baraka tu. Ipelekeeni mchoro ukiwa bado mbaya, ukiwa mistari mitatu na wazo la kijinga, kwa sababu wakati huo kubadilisha hakumuumizi mtu. Mashine ya kukuna mihogo mnayojivunia leo ilipitia maumbo ya kuchekesha kabisa ndani ya kompyuta. Moja lilifanana na ngoma iliyokaliwa na ng’ombe. Hakuna hata kipande cha chuma kilichotupwa.

Na hata ukiianza mapema, kompyuta inajibu ulichoiuliza tu. Hilo nalisema kwa sababu ya machela ya Muyinga.

Kituo kimoja cha afya katika milima ya Muyinga kilituagiza machela za kuvutwa na baiskeli. Kule wagonjwa hubebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka inayowekwa mabegani mwa wanaume wanne. Inafika, lakini inachelewa, na wanaume wanachoka. Walitaka kitu chenye magurudumu mawili nyuma ya baiskeli, kitanda cha turubai, mgonjwa alale, baiskeli ikokotwe kwenye mlima. Tena walikitaka kabla ya mvua, maana mvua ikianza njia zile ni sabuni tupu.

Kwangu haikuwa kazi tu. Dada yangu Zaina anakaa kwenye mlima mmoja wa kule, na mkwe wake Aziza, mke wa mwanawe Juma, alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilimharibikia njiani, ndani ya ingobyi, kabla hawajafika. Hii ya pili ilikuwa inatarajiwa katika mvua hiyohiyo. Kwa hiyo nilipokuwa nachora lile turubai, nilijua nani atalala juu yake.

Tulifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Tulianza na mistari mitupu. Tulimlaza mgonjwa ndani ya kompyuta, tukamtikisa juu ya mawe, tukamshusha bondeni, tukamvuta mlimani. Kiungo cha kufungia kwenye baiskeli kikawa chekundu, tukakibadilisha. Ekseli, mhimili wa magurudumu, ikawa nyekundu, tukaongeza. Mwishoni yote ikawa bluu. Vyuma vya ubavuni, vile vya kumzuia mgonjwa asianguke, tulivifanya vyembamba kabisa ili kupunguza uzito. Patron akafurahi, akasema wiki inayofuata tukate.

Idi ikaingia hapo katikati, nikapanda basi kupitia Karuzi kwenda kwa dada Muyinga. Siku ya pili tulikuwa uani, Zaina anakanda unga wa chapati, mimi namchambulia mchele, Aziza amekaa kwenye mkeka na tumbo lake. Tukasikia watu barabarani. Ingobyi ilikuwa inapita na mwanamume aliyeanguka kutoka juu ya paa.

Wabebaji walikuwa wanne, lakini waliokuwa na mikono juu ya ile ingobyi walikuwa mlima mzima. Mama mmoja ameshika ukingo wa mkeka. Mzee mmoja ameweka kiganja kwenye mti wa ingobyi, habebi kitu, anatembea tu. Mtu akikutana nao njiani anatua mzigo wake, anashika, anasema “Komera, komera,” yaani jipe moyo, anasindikiza kidogo, halafu anaachia na mwingine anapokea. Zaina aliinuka na unga mikononi, akakimbia, akashika mpaka kwenye kona, akarudi. Palipopita mkono wake palibaki peupe.

“Dada, unamjua yule?” nikamuuliza.

“Mi simujui. Lakini anapita kwangu.”

Akarudi kwenye unga wake. Mimi mchele ukanishinda. Nilizaliwa kati ya watu hawa, nimeona ingobyi zikipita kabla hatujakimbilia Kigoma na kila nilipokuja kwa dada, na Dezire kwao Bugendana ni hivyohivyo. Sisi wawili tulikuwa tumeiambia kompyuta kwamba mgonjwa atasafiri na mtu mmoja wa baiskeli. Nikaviwazia vile vyuma vyembamba vya ubavuni, watu wamevishika kila upande, huyu anasukuma, yule anavuta, yule wa nyuma anazuia kwenye mteremko. Nikamwazia Aziza katikati. Ndipo niliposikia, wazi kabisa, “Binti, nani anashika hii?” Nikatafuta simu.

“Dezire, msikate vyuma.”

“Mama, Patron anasema kesho.”

“Mwambie kuna watu hatujawaweka.”

“Watu gani?”

“Wote.”

Nikasikia kiti chake kikisukumwa. Kisha nikamsikia akimwita Mungu taratibu, “Mana yanje. Ingobyi.” Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Niliporudi Gitega, Patron alikuwa amekunja uso.

“Mama Rehema, we ndiye ulisema iko bluu. Sasa iko nini?”

“Iko bluu kwa mgonjwa asiye na jamaa, Patron. Umewahi kumwona?”

“Tuandike juu yake: kushika ni marufuku.”

“Akipita mama yako amelala, utasoma kwanza ama utashika kwanza?”

Patron alivuta kiti akakaa. Ni mtu wa kelele, lakini si mtu mbaya. Alisema, “Basi fanyeni haraka, wale watu wanangoja mvua ikiwa juu ya kichwa.”

Tukaweka mikono ndani ya kompyuta. Dezire aliuliza tuiweke wapi, nikamwambia kila mahali ambapo mtu anaweza kufika. Tuliiweka pande mbili na nyuma, mingine inasukuma, mingine inavuta kwa upande, mingine imelegea tu. Ile picha ya bluu iliyotufurahisha ikawa kama jiko la mkaa. Vyuma vya ubavuni vilipinda kuelekea kwa mgonjwa, na pale vilipochomelewa karibu na gurudumu palikuwa na nyekundu iliyokolea. Dezire akaikuza picha ya sehemu ile, nikaweka kidole pale ambapo Aziza angelala. 

Wazo la kwanza lilikuwa la kivivu: kufanya vyuma vinene. Kompyuta ikaridhika, lakini machela ikawa nzito, Juma angekwama nayo chini ya mlima. Tukafuta. Tukajaribu kuziba ubavu kwa bati ili watu wasipate pa kushika. Nilimwambia Dezire watashika bati na litawakata vidole. Tukafuta. Tukajaribu vishikio viwili nyuma tu. Vilikuwa vizuri sana, na hakuna mtu angevifuata. Tukafuta. Katikati ya hayo umeme ulikuwa unakuja na kwenda kama mgeni asiyejua kuaga, na mvua za kwanza zikagonga bati la atelie.

Zaina akapiga simu.

“Mariamu, kile kigari kiko wapi?”

“Bado, dada. Tunakipima.”

“Mnapima nini? Huyu mutoto hatangoja. Ingobyi haijawahi kuniambia ngoja niulize ordinateri, hiyo kompyuta yenu!”

“Dada, kikivunjika naye juu yake?”

“Na kisipofika je?”

Akakata. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na hakuna aliyelala vizuri kwa hilo. Kesho yake niliogopa kabisa. Nilifika kwenye ubao wangu wa zamani, ule wa dirishani, nikamwambia Dezire aniletee matete.

“Matete, Mama?”

“Yako bondeni.”

Akaenda mwenyewe, na suruali yake safi. Tukafunga machela ndogo kwa mipira ya baiskeli, tukaiweka mezani, nikamwita kila aliyekuwepo aishike anavyotaka. Wakashika, wakasukumana, wakacheka. Ndipo Dezire akasema, “Mama, tukiacha kitanda peke yake? Mikono ishike kitu kingine.” Hapo tukapata jibu. Chuma kimoja kinachozunguka pande zote kama mkono wa kiti, kimesimama juu ya ekseli, hakigusani na kitanda kabisa. Watu washike, wasukume, wazuie, nguvu yao yote ishuke kwenye magurudumu, na mgonjwa alale kwenye turubai lake bila kuguswa. Ile siku umeme haukukatika. Kompyuta ilikokotoa mpaka alasiri, na ilipopaka rangi nilisema alhamdulillah kwa sauti, Patron akatoka ofisini akidhani mgeni amekuja.

Zilikatwa, zikachomelewa, zikapakwa rangi, zikapakiwa kwenye lori. Nilikwenda nazo mwenyewe. Kituoni niliwaonyesha wahudumu namna ya kuzifunga kwenye baiskeli, nao wakapeleka moja kwenye mlima wa dada, maana huko ndiko mbali zaidi. Zaina aliizunguka, akaisukuma kwa kiuno, akaguna.

“Iko sawa,” akasema. Kwa dada yangu hiyo ni sherehe.

Aziza alishikwa na uchungu nikiwa bado kwa dada. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, njia inang’aa. Tulimlaza, Zaina akamfunika khanga, Juma akaanza kukokota baiskeli. Hatukuita mtu. Hatukuwa tumefika hata kwenye kona, mikono ikaanza kuja. Jirani, mke wa jirani, vijana waliokuwa wanakwenda shambani, mama aliyetua kikapu chake cha mihogo. “Komera, Aziza, komera!” Wakashika chuma chetu pande zote kana kwamba kilikuwepo siku zote.

Mimi nilikuwa natembea ubavuni kwa kazi, ndivyo nilivyojiambia. Macho yangu yalikuwa chini kwenye ekseli, pale palipokuwa pekundu kwenye kompyuta. Kwenye mteremko wa kuingia bondeni miguu iliteleza, watu wakaning’inia nyuma kuzuia, chuma kikalia.  Nikaangalia sehemu ya kuchomelea, imetulia. Nikaangalia kitanda, Aziza anatikisika na njia tu, hatikiswi na watu. Kwenye kupanda ndiko walikosukuma kwa nguvu zote, kila mmoja na upande wake, kama tulivyowaweka. Juma alikuwa analia huku anakokota na hakuna aliyemcheka. Nami nilikuwa nasema kitu, Zaina aliniambia baadaye nilikuwa narudia “shika, shika, shika,” na hakujua namwambia nani.

Tulifika. Mkunga akatoka mlangoni, mama mnene mwenye sauti, akaona kundi zima limeing’ang’ania machela.

“Murakoze, murakoze, asanteni! Sasa toeni mikono, muniachie mugonjwa!”

Wakaachia, mmoja mmoja, wakarudi nyuma wakijifuta tope. Wahudumu wakavuta machela waiingize mlangoni, ikagoma kusogea.

“Na we mama,” akaniambia mkunga. “Achia.”

Nikatazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya chuma, vidole vimekauka, sijui tangu wapi. Sikuwa nasukuma. Sikuwa nazuia. Nilikuwa nimeshika tu.

Nikaachia. Mtoto wa Aziza alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, na sauti ya bibi yake Zaina. Niliporudi Gitega Dezire alinisubiri mlangoni, akauliza chuma kimehimili vipi. Nikamwambia kimehimili vizuri, ila afungue ile hesabu aongeze mkono mmoja.

“Wa nani, Mama?”

“Wa mchoraji.”